Kungoja Hufundishwaje? Subira ya Mtoto kwa Jicho la Sayansi

Lugha yetu ina methali mbili zinazopingana. Ya kwanza husema kwamba subira huvuta heri. Ya pili huonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mzazi humtolea mtoto ile ya kwanza anapotaka anyamaze. Mtoto, kama angepewa nafasi ya kujibu, huenda angemrudishia ile ya pili. Mwalimu naye hukutana na methali zote mbili kila siku ya kazi: wapo wanafunzi wanaoweza kukaa na swali gumu la hesabu kwa nusu saa, na wapo wanaotupa kalamu baada ya dakika mbili. Wapo wanaongoja zamu yao bombani, na wapo wanaosukumana.

Katika makala haya tutachunguza swali moja: je, subira ni tabia ya kuzaliwa nayo, au ni jambo linaloweza kufundishwa? Na kama linaweza kufundishwa, hufundishwaje? Mifano mingine tutaitoa katika maabara za ng'ambo, maana huko ndiko swali hili lilikopimwa kwa saa na kwa hesabu. Lakini mifano miwili muhimu ipo Morogoro: mmoja umo katika vyumba wanamofunzwa panya kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na mwingine umo katika mashamba ya milima ya Uluguru.

SUBIRA NI KITU GANI?

Kwa mwanasayansi, neno "subira" linakusanya mambo matatu yaliyo tofauti. La kwanza ni kuuzuia mwili, yaani mkono usinyakue na mdomo usiseme kabla ya wakati wake. La pili ni kulikumbuka lengo: anayengoja lazima aendelee kushika akilini kile anachokingojea na sababu ya kukingoja. La tatu ni kuutuliza moyo, maana kucheleweshwa huleta hasira au wasiwasi, na mwili hujibu kwa kumwaga homoni ya adrenalini, moyo kupiga mbio na pumzi kuwa fupi.

Mambo haya yote hutegemea kwa kiasi kikubwa sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso. Sehemu hii ndiyo ya mwisho kukomaa. Hukua kwa kasi kati ya miaka mitatu na saba, na huendelea kujengeka hadi mtu anapopita miaka 20. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anayelia kwa sababu uji haujapoa si mkaidi; chombo cha kungojea hajapata bado. Hata mwanafunzi wa kidato cha pili, ingawa amemzidi mama yake kimo, bado anajengwa.

Kadhalika, mtoto mdogo hana kipimo cha wakati. Ukimwambia "kesho kutwa", ni sawa na kumwambia mtu mzima "siku moja". Hajui kama ni karibu au mbali, na mtu asiyejua urefu wa safari huchoka mapema.

JARIBIO LA PEREMENDE

Mwanasaikolojia Walter Mischel alianza kuchunguza subira ya watoto katika kisiwa cha Trinidad, na matokeo ya kwanza aliyachapisha mwaka 1958. Aliwapa watoto wa miaka saba hadi tisa nafasi ya kuchagua: peremende ndogo sasa hivi, au kubwa baada ya juma moja. Aligundua kwamba uchaguzi wa mtoto ulihusiana na hali ya nyumbani kwake, hasa kuwapo au kutokuwapo kwa baba. Ilionekana basi kwamba mtoto hakuwa akipima utamu peke yake. Alikuwa pia akijiuliza kama mgeni huyu, aliyeahidi kurudi juma lijalo, atarudi kweli.

Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Mischel na wenzake walifanya majaribio yaliyojulikana duniani kote. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano aliachwa peke yake chumbani. Aliambiwa kwamba akingoja mpaka mtafiti arudi atapata kile kitu kitamu anachokipenda zaidi; akishindwa, apige kengele, naye atapata kile kingine asichokipenda sana. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1970, watoto walioachwa huku vitu vyote viwili vikiwa wazi mbele yao walingoja kwa wastani wa dakika moja tu. Wale ambao vitu vilifichwa wasivione walingoja zaidi ya dakika 11. Jaribio la mwaka 1972 liliongeza jambo jingine: watoto walioelekezwa kufikiria mambo ya kufurahisha waliweza kungoja muda mrefu hata vitu vikiwa mbele ya macho yao, ilhali wale walioelekezwa kukifikiria kile kitu kitamu walishindwa upesi.

Tuzingatie vizuri matokeo haya. Watoto walikuwa wa namna moja, wa shule moja, na nguvu zao za kujizuia hazikutofautiana sana. Kilichobadilika ni mahali macho na mawazo yao yalipoelekezwa. Mtoto aliyeshinda hakushinda kwa kukaza meno. Alishinda kwa kuwa na jambo jingine la kufanya.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kengele wala saa. Makande huchukua muda mrefu kuiva. Bibi aliyekaa na wajukuu jikoni hakuwaambia watazame chungu. Aliwaambia "Paukwa!", nao wakaitikia "Pakawa!", na hadithi ikaanza. Au aliwategea vitendawili. Hadithi ilipokwisha, makande yalikuwa yameiva. Jambo alilofanya bibi huyo ndilo lile lililopimwa Stanford mwaka 1972.

Baada ya miaka mingi ilisemekana kwamba watoto walioweza kungoja utotoni walifaulu zaidi mitihani walipokua. Habari hiyo ilienea sana, na walimu wengi bado huisimulia. Lakini mwaka 2018 watafiti Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 900 wa hali mbalimbali za maisha. Uhusiano kati ya kungoja na kufaulu ulionekana, lakini ulikuwa mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Na walipozingatia hali ya familia na uwezo wa mtoto tangu mwanzo, sehemu yake kubwa ilitoweka. Kwa hiyo haifai kumpima mtoto kwa peremende moja na kumtabiria maisha yake.

AHADI NI DENI

Swali alilokuja nalo Mischel kutoka Trinidad lilipata jibu zuri mwaka 2013, katika uchunguzi wa Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Walichukua watoto 28 na kuwagawa katika makundi mawili ya watoto 14. Kila mtoto alipewa kwanza kazi ya kuchora kwa kalamu za rangi zilizochakaa. Mtafiti akamwambia, "Ukingoja kidogo nitakuletea zilizo bora." Kwa kundi la kwanza mtafiti alirudi na kalamu nzuri kama alivyoahidi. Kwa kundi la pili alirudi mikono mitupu na kuomba radhi. Jambo hilo likarudiwa kwa picha ndogo za kubandika. Ndipo likaja jaribio la kungoja kitu kitamu.

Watoto waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika tatu. Watoto tisa kati ya 14 wa kundi la kwanza walingoja robo saa nzima mpaka mwisho; wa kundi la pili alikuwa mmoja tu.

Wanafunzi wa sayansi wataona uzito wa matokeo haya. Watoto waligawiwa makundi kwa bahati nasibu, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kundi moja lilikuwa la watoto wema na jingine la watoto wabaya. Tofauti ililetwa na mtu mzima, tena kwa muda mfupi sana. Mtoto wa kundi la pili aliyekula mara moja hakukosa akili. Alikuwa ameshajifunza kwamba katika chumba hiki ahadi hazitimii, na kwamba kilicho mkononi ndicho chake. Huo ni uamuzi wa busara.

MALEZI YANA SEHEMU YAKE

Je, watoto wote duniani hungoja kwa namna moja? Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao walilinganisha watoto wa miaka minne wa Wanso, ambao ni wakulima wa nyanda za juu za kaskazini-magharibi mwa Kameruni, na watoto wa Kijerumani wa familia za mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Takriban asilimia 70 ya watoto wa Kinso waliweza kungoja mpaka mwisho, hali wale wa Kijerumani hawakufika asilimia 30. Watoto wa Kijerumani walijisogezasogeza, wakaimba, wakageuka huku na huku. Wengi wa watoto wa Kinso walikaa tu kwa utulivu, na baadhi yao wakasinzia na kulala usingizi.

Watafiti walieleza kwamba mama wa Kinso humzoesha mtoto tangu uchanga kutulia na kuwatii wakubwa, lakini pia humwahi mara kwa mara na kumtimizia haja zake kabla hajalia sana. Yaani mtoto huambiwa atulie na mtu ambaye tangu kuzaliwa kwake hajamwacha. Watu wengi husifu ile sehemu ya kwanza ya malezi haya na kuisahau ya pili.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha watoto wa Japani na wa Marekani. Watoto wa Kijapani, waliozoea kutoanza kula mpaka wote wawe wamepakuliwa, walingoja chakula kwa muda mrefu zaidi. Watoto wa Kimarekani, waliozoea kungoja siku maalumu ili wafungue zawadi, walingoja zawadi kwa muda mrefu zaidi. Tunajifunza kwamba subira haimo ndani ya mtu kama maji ndani ya mtungi, yakawa mengi kwa huyu na machache kwa yule. Ni mazoea yanayoambatana na mahali na jambo. Mtoto huyo huyo anayengoja kwa adabu wazee wanawe kwanza, anaweza kusukumana kwenye foleni ya maji kwa sababu hapo hajawahi kuona foleni ikiheshimiwa.

FUNZO LA PANYA BUKU

Sasa turudi Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya hawa wana uwezo mkubwa wa kunusa. Wengine hufunzwa kutambua mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine kutambua makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu. Panya mmoja aliyeitwa Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi nchini Kambodia na kugundua mabomu ya ardhini 71. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza, naye akafa mwaka 2022.

Panya hafahamu methali wala hotuba, lakini hufunzwa kungoja. Mafunzo huanza na kidude kinachotoa mlio wa "ta!" kinapobonyezwa. Kila mlio unapotolewa, panya hupewa mara moja kipande cha ndizi au karanga. Baada ya kurudiwa mara nyingi, mlio huo huwa ahadi: panya akiusikia anajua kwamba chakula kipo njiani. Ndipo huanza kufunzwa harufu. Panya wa kifua kikuu hupita juu ya matundu yenye vikopo vya makohozi. Akifika penye harufu anayotakiwa kuitambua, hapaswi kupita. Anapaswa kuituliza pua yake juu ya tundu kwa sekunde tatu. Kwa panya mwenye njaa sekunde tatu si chache. Hafikishwi hapo kwa siku moja. Kwanza husikia mlio kwa kutulia kitambo kidogo sana, kisha kitambo kirefu zaidi, hatua kwa hatua, mpaka azifikishe sekunde zote.

Kuna mambo matatu ya kujifunza hapa. Kwanza, mlio haukosi kufuatwa na chakula wakati wa kufundisha. Mkufunzi akibonyeza kidude bila kutoa ndizi, mara moja, mara mbili, mara kumi, mlio hupoteza maana yake na panya huacha kuusikiliza. Pili, muda wa kungoja huongezwa kidogo kidogo. Tatu, uaminifu ukishajengwa huvumilia mapengo. Katika kazi yenyewe panya hawezi kutuzwa kwa kila tundu, maana watu hawajui bado ni kikopo kipi chenye ugonjwa. Hutuzwa kwa vile vinavyojulikana tu, naye huendelea na kazi.

Hatusemi kwamba mtoto ni panya. Mtoto hufikiri, huuliza sababu, na huweza kuona haya. Hata hivyo njia ya kuongeza muda kidogo kidogo imefaa kwa watoto pia. Mwaka 1988 watafiti Julie Schweitzer na Beth Sulzer-Azaroff walichapisha kazi waliyoifanya na watoto wachache wa shule ya awali waliokuwa na papara kubwa. Badala ya kuwataka wangoje muda mrefu tangu siku ya kwanza, waliwaanzishia muda mfupi sana na kuurefusha kwa sekunde chache chache. Wengi wao walifikia kuchagua kungoja kwa ajili ya malipo makubwa zaidi, jambo ambalo mwanzoni walilikataa.

MKARAFUU NA MATUTA YA NGAZI

Kama panya wanatuonyesha subira ya sekunde, milima ya Uluguru inatuonyesha subira ya miaka. Upande wa mashariki wa milima hiyo hupata mvua nyingi, na huko Kinole, Tawa na Matombo wakulima hupanda ndizi, pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu. Mchicha huvunwa baada ya majuma matatu au manne. Maharage huchukua kama miezi mitatu. Pilipili manga huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Lakini mkarafuu huhitaji miaka sita hadi minane kabla ya mkulima kuchuma karafuu ya kwanza. Anayepanda mche wa mkarafuu mwaka mtoto wake anapoanza darasa la kwanza, huenda akachuma mara ya kwanza mtoto akimaliza shule ya msingi.

Hakuna basi anayeweza kusema kwamba mkulima wa Uluguru hajui kungoja. Hata hivyo katika historia ya milima hii yapo mambo yaliyowafanya wengine waseme hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Shabaha yake ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuhifadhi vyanzo vya maji, hasa mto Ruvu. Wananchi walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko mikali. Waliambiwa kwamba faida itakuja baadaye.

Katika sehemu nyingi faida haikuja. Udongo wenye rutuba katika miteremko hiyo ni tabaka jembamba la juu. Mlima ukikatwa kwa ngazi, udongo wa chini usio na rutuba hufunuliwa, na pasipo samadi ya kutosha mazao hudumaa. Wakulima waliona kwa macho yao kwamba shamba lililochimbwa kwa jasho jingi lilitoa mahindi machache kuliko lile la zamani. Manung'uniko yalikua, na mwezi wa Julai 1955 kukazuka ghasia huko Matombo, ambamo mtu mmoja aliuawa kwa risasi. Ulazimishaji ukaachwa. Lakini huko Mgeta, upande wa magharibi, ambako kilimo cha kabichi na mboga nyingine kilileta fedha zilizoonekana, matuta hayakuachwa.

Historia si jaribio la maabara, maana yalikuwapo mambo mengi kwa pamoja: siasa, kazi ya kulazimishwa, na kutoaminiwa kwa wakoloni wenyewe. Walakini ukiweka habari za Matombo kando ya zile za watoto wa Rochester, utaona mfano ule ule. Mtu aliyechoka kungoja ahadi isiyotimia si mtu asiye na subira. Watu wale wale waliokataa matuta walikuwa tayari kungoja kwa miaka mahali ambapo mavuno yalikuwa na hakika.

Hata desturi ya ardhi ya Waluguru inashuhudia jambo hili. Ardhi kwa jadi ni mali ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mtu aliyeazimwa shamba kwa kawaida aliruhusiwa kupanda mahindi au maharage, lakini si miti ya kudumu, kwa sababu miti ingemfanya adai ardhi. Kwa hiyo aliyekuwa mgeni katika shamba alipanda mazao ya muda mfupi, na mwenye haki ya kudumu ndiye aliyeweza kupanda mti wa miaka minane. Kila mmoja alingoja kadiri ya hakika aliyokuwa nayo.

MWALIMU AFANYE NINI?

Kutokana na haya yote twaweza kutoa ushauri wa matumizi, kwa mwalimu darasani na kwa mwanafunzi anayelea wadogo zake nyumbani.

1. Ahidi kidogo, timiza yote. Ukisema "Nitasahihisha madaftari kufikia Ijumaa", yawe tayari Ijumaa. Kila ahadi inayotimia ni akiba ya subira, na kila inayovunjika huitoa.

2. Ukichelewa, toa habari mapema. Sema kilichotokea, taja wakati mpya, kisha ushike wakati huo. Abiria katika kituo cha Msamvu anayeambiwa kwamba basi limeharibika na jingine litafika saa nane hutulia kuliko yule asiyeambiwa neno. Mtoto naye ni hivyo hivyo.

3. Mpe mtoto kipimo anachokiona. Badala ya "Ngoja kwanza", mwambie "Ngoja mpaka kivuli kifike kwenye kile kizingiti", au "mpaka nimalize kuosha vyombo hivi vitano". Kuona vyombo vikipungua ni kuona wakati ukipita.

4. Mpe jambo la kufanya. Vitendawili, nyimbo, bao na hadithi ni vifaa vya subira. Mchezo wa kombolela humfunza mtoto kujificha kimya bila kujitikisa. Bao humfunza kungoja zamu na kufikiri wakati wa zamu ya mwenzake.

5. Anza na muda mfupi. Mwanafunzi anayekata tamaa upesi katika hesabu apewe swali la dakika tatu, kisha la tano, kisha la kumi. Swali la nusu saa siku ya kwanza humfundisha kushindwa tu.

6. Mfundishe kuutuliza mwili. Kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, mara tano au sita, hupunguza mapigo ya moyo. Afundishwe wakati ametulia, ili alijue jambo hilo wakati amekasirika.

Hapa yafaa kuikumbuka shamba la shule. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zimekuwa na mashamba. Hakuna darasa bora la kungoja kuliko shamba, kwa masharti kwamba mwanafunzi aliyepanda aone mavuno na ajue yamekwenda wapi. Aliyelima miezi minne asijue mahindi yameishia wapi amefundishwa somo jingine kabisa, nalo halisahau upesi.

SUBIRA SI UKIMYA

Lazima pia tuonye. Mtoto aliyenyamaza kwa kuogopa fimbo hajajifunza subira. Ameuzuia mwili, lakini moyo haujatulia, na akiondoka mwenye fimbo hunyakua. Hali hiyo ndiyo tunayoiona mwalimu anapotoka darasani na kelele zikalipuka papo hapo.

Vile vile njaa, malaria, minyoo na kukosa usingizi hupunguza uwezo wa kujizuia. Mwanafunzi aliyetembea mlimani tangu alfajiri bila kula, kisha akasinzia au kugombana saa sita mchana, hahitaji mafundisho ya subira, anahitaji uji. Wengi wetu tulisimuliwa utotoni hadithi ya mama aliyechemsha mawe ili watoto wake wadhani chakula kinapikwa, wangoje mpaka usingizi uwachukue. Katika hadithi hiyo kiongozi aliyesikia habari zao hakuwasifu watoto kwa ustahimilivu wao. Alikwenda kuchukua unga.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili linahitaji saa moja ya mkononi na vipande vya karatasi. Gawa darasa makundi mawili, A na B, kwa kura. Mwalimu apime dakika mbili bila kuutaja muda huo. Kundi A likae kimya bila kufanya lolote na bila kuhesabu. Kundi B, likiwa mahali pengine, lishindane kutegua vitendawili. Mwisho kila mwanafunzi aandike kwa siri anadhani muda gani umepita. Kisha makundi yabadilishane kazi na jaribio lirudiwe. Tafuteni wastani wa makisio ya wakati wa kukaa bure na ule wa wakati wa vitendawili, mchore jedwali, mkalinganishe. Kwa kawaida muda wa kukaa bure hukisiwa kuwa mrefu zaidi, kwa sababu akili isiyo na kazi huutazama wakati wenyewe. Jadilini kwa nini ilifaa makundi yabadilishane.

Msifanye jaribio la kungoja chakula kwa wadogo wenye njaa, wala msivunje ahadi kwa makusudi ili kuona kitakachotokea. Jibu lake tunalijua tayari, na aliyeahidiwa ndiye atakayelilipia.

HITIMISHO

Tuliuliza kama subira yaweza kufundishwa. Ushahidi wasema ndiyo, lakini haifundishwi kwa kuihubiri. Mtoto hujifunza kungoja anapokuwa na jambo la kufanya, anapopewa muda unaolingana na nguvu zake, na zaidi ya yote anapoona kwamba kinachoahidiwa hufika. Kwa hiyo mzazi au mwalimu anayelalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana subira, na aanze kwa kuhesabu ahadi alizowapa mwaka huu na ngapi kati yake amezitimiza.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini wanafunzi walioona ahadi zikivunjika hawapaswi kuitwa wenye papara?

2. Taja michezo mitatu ya kwenu inayofundisha kungoja zamu. Kila mmoja hufundisha sehemu ipi ya subira: kuuzuia mwili, kulikumbuka lengo, au kuutuliza moyo?

3. Katika kijiji chenu, ni mazao gani yanayopandwa na mwenye shamba, na ni yapi yanayopandwa na aliyekodi au kuazima? Eleza sababu.

4. Ni wakati gani mtu anapaswa kukataa kungoja? Toa mfano mmoja wa historia na mmoja wa maisha ya shule.